Hukumu Huanzia Nyumbani mwa Mungu: Kuuelewa Unabii wa Ezekieli Juu ya Ibada ya Sanamu



Wapendwa Taifa la Mungu, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo, sura za manabii zinazotangaza hukumu ya Mungu juu ya ibada ya sanamu husomwa mara nyingi kwa hofu, na pengine kwa kumnyooshea kidole jirani. Familia iliyofiwa mara mbili kwa mwaka huambiwa kwamba inalipa deni la babu aliyetambika. Mgonjwa asiyepona huambiwa kwamba nyumbani kwake kuna kitu kilichofukiwa. Nasi Wakatoliki huambiwa kwamba Ezekieli na Yeremia walitulenga sisi, kwa sababu ya sanamu za watakatifu zilizomo makanisani mwetu. Wanaosema hayo wote wameshika Biblia mkononi, na wanaoambiwa hurudi nyumbani na mzigo mzito kuliko waliokuja nao.

Ndiyo maana tunaona ni vema kuusoma unabii huu kwa utulivu, tukishika sehemu moja na kuifuata hadi mwisho. Tumechagua Kitabu cha Nabii Ezekieli, sura ya 8 hadi ya 11. Hapo hukumu juu ya sanamu inatangazwa kwa ukali usiofichwa. Hapo pia tunaoneshwa inaanzia wapi, inamhusu nani, na inakusudia nini.

Nabii aliye mbali na Hekalu

Ezekieli, mwana wa Buzi, alikuwa kuhani (Eze 1:3). Mwaka 597 K.K. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliuzingira mji wa Yerusalemu, akamchukua mateka mfalme kijana Yehoyakini pamoja na wakuu, askari na mafundi (2 Fal 24:10-16). Ezekieli alikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Alikaa Tel-abibu, karibu na mto Kebari, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Huko ndiko alikoitwa kuwa nabii, katika mwaka wa tano wa uhamisho, yaani mwaka 593 K.K. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa bado limesimama, na makuhani wenzake waliendelea kutoa sadaka kila siku. Yeye alikuwa kuhani asiye na madhabahu, katika nchi waliyoihesabu kuwa najisi.

Hali hiyo ilizaa swali zito. Watu waliobaki Yerusalemu walijiona kuwa ndio wateule waliosalimika. Waliohamishwa walionekana kuwa ndio waliolaaniwa. Je, ni nani hasa aliyekuwa chini ya hukumu? Tuliweke swali hili akilini, kwa maana maono yote yanaelekea kwenye jibu lake.

Katika mwaka wa sita, mwezi wa sita, siku ya tano, Ezekieli alikuwa ameketi nyumbani kwake na wazee wa Yuda mbele yake. Ndipo Roho akamwinua na kumpeleka katika maono hadi Yerusalemu (Eze 8:1-3). Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Ufunuo wa Mungu, *Dei Verbum*, ya mwaka 1965, unatufundisha kwamba msomaji wa Maandiko Matakatifu hana budi kuzingatia aina ya uandishi aliyo nayo mbele yake (namba 12). Hapa tuna maono. Ukweli unakuja kwetu kwa njia ya picha, na kila picha ina kazi yake.

Hatua nne kuelekea madhabahuni

Mungu anamtembeza nabii wake ndani ya Hekalu kwa hatua nne, na kila mara anamwambia kwamba ataona machukizo makubwa zaidi.

Hatua ya kwanza ni kwenye lango la kaskazini, ambapo imesimama sanamu inayoitwa sanamu ya wivu (Eze 8:5). Hatua ya pili ni penye tundu ukutani. Nabii analipanua, anaingia, na kuwakuta wazee 70 wa Israeli gizani, kila mmoja na chetezo chake mkononi, wakifukiza uvumba mbele ya michoro ya wadudu na wanyama (Eze 8:7-12). Hatua ya tatu ni wanawake walioketi wakimlilia Tamuzi, mungu wa Mesopotamia aliyeaminiwa kufa na kushuka kuzimu (Eze 8:14). Hatua ya nne, iliyo ya ndani kuliko zote, ni kati ya ukumbi wa Hekalu na madhabahu, mahali palipokuwa pa makuhani. Hapo wanasimama wanaume wapatao 25, migongo yao ikilielekea Hekalu na nyuso zao zikielekea mashariki, wakilisujudia jua (Eze 8:16).

Tuangalie mwendo huo kwa makini. Ezekieli anakaa Babeli, katika nchi iliyojaa mahekalu na miungu ya kuchonga. Angeweza kutoka nje ya mlango wake na kuwahukumu majirani. Hata hivyo Mungu anamvusha safari ya mamia ya kilomita ili akazione sanamu zilizomo ndani ya nyumba ya Bwana mwenyewe. Na kadiri anavyosogea karibu na madhabahu, ndivyo uovu unavyozidi. Amri ya hukumu inapotolewa, inaagizwa ianzie patakatifu, na watekelezaji wanaanza na wale wazee waliokuwa mbele ya nyumba (Eze 9:6). Karne nyingi baadaye Mtume Petro atawaandikia Wakristo neno lilo hilo, kwamba hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu (1 Pet 4:17).

Kati ya wazee 70 ni mmoja tu anayetajwa kwa jina: Yaazania, mwana wa Shafani (Eze 8:11). Jina la Shafani halikuwa geni. Katibu Shafani ndiye aliyemsomea mfalme Yosia kitabu cha Torati kilichopatikana Hekaluni mwaka 622 K.K., na kutoka hapo yakaanza matengenezo makubwa ya kuondoa sanamu nchini (2 Fal 22:8-13). Ahikamu, mwana wa Shafani, ndiye aliyemkinga Yeremia asiuawe (Yer 26:24). Ikiwa Shafani huyu ndiye yule yule, kama wafafanuzi wengi wanavyoona, basi mtoto wa nyumba iliyoongoza matengenezo ndiye aliyeshika chetezo gizani. Familia yenye historia njema ya imani, parokia yenye jina kubwa, hata ukoo uliotoa mapadre na masista, haina kinga ya kurithi.

Hawakumwacha Mungu, walimwongezea wenzake

Wengi wetu hudhani kwamba mwabudu sanamu ni mtu aliyemkana Mungu wa kweli. Maono haya yanaonesha jambo lingine. Watu hawa wako Hekaluni. Sadaka za asubuhi na jioni zinaendelea. Hakuna aliyetangaza kwamba amemwacha Bwana. Walichofanya ni kumwekea Bwana wenzake.

Wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua katika nyumba za Yerusalemu na Yuda za karne ya 8 na ya 7 K.K. vinyago vingi vidogo vya udongo vyenye umbo la mwanamke. Katika jangwa la Sinai, mahali paitwapo Kuntillet Ajrud, yalipatikana katika miaka ya 1970 maandishi ya kale yanayoomba baraka kwa jina la Bwana pamoja na Ashera wake. Vitu hivi vinakubaliana na yale wanayoyalalamikia manabii. Israeli alishika imani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika akiba.

Kwa nini akiba? Wazee 70 wenyewe wanaeleza sababu yao, kwamba Bwana hawaoni tena na ameiacha nchi (Eze 8:12). Mji ulikuwa umeshindwa vitani, mfalme amechukuliwa, na Mungu aliyeahidi ulinzi alionekana kunyamaza. Hofu ndiyo iliyowasukuma gizani. Hata katika Kitabu cha Yeremia, Wayahudi waliokimbilia Misri walimjibu nabii waziwazi kwamba walipokuwa wakimfukizia uvumba malkia wa mbinguni walishiba, na tangu walipoacha wamepungukiwa na kila kitu (Yer 44:17-18). Hayo ni maneno ya watu waliopoteza nyumba na ndugu, wanaotafuta kitu kitakachofanya kazi.

Tukielewa hivyo, tunatambua kwamba ndugu huyu tunamfahamu. Ni Mkristo anayepokea Ekaristi Takatifu siku ya Dominika, na Jumatano usiku anakwenda kupiga ramli kwa sababu biashara imekwama au mtoto haponi. Ni yule anayetembea na hirizi chini ya shati na rozari juu ya shati. Ni yule anayebadilisha mhubiri kila mwezi akitafuta mafuta yenye nguvu zaidi. Tena ni yule anayeitumia rozari yenyewe, au maji ya baraka, kama hirizi, bila sala na bila toba, akidhani kwamba kitu kinamlazimisha Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba ibada ya sanamu haikuisha na miungu ya kipagani. Ni kishawishi cha kudumu cha imani, kila mwanadamu anapokiheshimu kiumbe mahali pa Mungu, kiwe ni pepo, mamlaka, anasa, taifa, mababu, dola au fedha (namba 2113). Baba Mtakatifu Francis, katika Wosia wa Kitume *Evangelii Gaudium* wa mwaka 2013, aliitaja ibada ya fedha kuwa ndama mpya wa dhahabu (namba 55).

Hapa ni lazima tupambanue, ili tusimhukumu asiye na kosa. Dawa ya mitishamba inayotibu kwa nguvu aliyoiweka Muumba ndani ya mmea haina kosa lolote. Kuyatunza makaburi ya wazee wetu, kuwataja kwa heshima na kuwaombea katika Misa Takatifu ni wajibu wa upendo. Kosa linaanza pale tunapomwendea kiumbe kutafuta kile ambacho Mungu peke yake anaweza kutupa, au tunapomwogopa kiumbe kwa hofu inayomstahili Mungu peke yake.

Sanamu hudai mtu

Baada ya kumwonesha Ezekieli machukizo yote manne, Mungu anaongeza neno ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Anasema kwamba watu hao wameijaza pia nchi udhalimu (Eze 8:17). Baadaye anawaambia viongozi kwamba wamewaua wengi mjini na kuzijaza njia zake maiti (Eze 11:6). Ibada ya sanamu na damu ya mnyonge zinatembea pamoja. Katika Bonde la Hinomu, chini ya kuta za Yerusalemu, watu walifikia hatua ya kuwachoma moto wana wao na binti zao (Yer 7:31).

Mungu wa kweli hutoa uhai wake kwa ajili ya watu. Sanamu huchukua uhai wa watu kwa ajili ya mwenye kuiabudu. Sisi tulioishi Tanzania katika miongo hii miwili hatuhitaji mfano wa mbali. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu mtu fulani aliahidiwa utajiri au ushindi. Akina mama wazee, hasa katika Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka yote. Aliyetoa fedha kwa ajili ya mauaji hayo huenda alikuwa na dini, huenda alikuwa na kiti cha mbele. Ezekieli angemfahamu mara moja.

Kwa hiyo tunapomsikia Mungu akikasirika juu ya sanamu, tusimdhanie kuwa mtawala anayewaonea wivu washindani wake. Hasira yake inamtetea yule anayelipa gharama ya sanamu zetu.

Alama katika paji la uso

Katika sura ya 9 wanatokea watu sita wenye silaha, na kati yao mtu mmoja aliyevaa kitani mwenye kidau cha wino kiunoni. Huyu anaagizwa apite katikati ya mji na kuwatia alama katika paji la uso wale wanaougua na kulia kwa sababu ya machukizo yanayofanyika humo (Eze 9:4). Neno la Kiebrania linalotumika hapo ni tau, herufi ya mwisho ya alfabeti yao. Katika mwandiko wa kale herufi hiyo iliandikwa kwa mistari miwili inayokatana. Mababa wa Kanisa waliona humo ishara ya msalaba, na Mtakatifu Francisko wa Asizi aliipenda alama hiyo. Nasi tulitiwa alama ya msalaba katika paji la uso siku ya Ubatizo, na kupakwa hapo Krisma siku ya Kipaimara.

Je, ni nani wanaotiwa alama hiyo? Wanatajwa wale wanaougua na kulia. Hawatajwi wenye kushutumu, wala wenye kufurahi kwamba wengine wamegunduliwa. Ezekieli mwenyewe anaanguka kifudifudi na kumlilia Bwana amwombee rehema Israeli (Eze 9:8). Nabii wa kweli hutambulikana hapo. Anayetangaza hukumu huku macho yake ni makavu hajaisikia bado sauti ya Yule aliyemtuma.

Hata hivyo sura hiyo ina mstari mgumu, na si haki tuupite kimya. Hukumu inataja wazee na vijana, wanawake hata watoto wadogo (Eze 9:6). Tunasema nini? Kwanza, maono haya yanatangulia kueleza yale yaliyoupata mji miaka michache baadaye, pale jeshi la Babeli lilipouteketeza karibu mwaka 587 K.K. Katika mji uliozingirwa njaa na upanga havichagui. Pili, Ezekieli mwenyewe anakiri kwamba upanga huo utawakata wenye haki pamoja na waovu (Eze 21:3-4). Maneno hayo yana uzito mkubwa kwetu. Kama mwenye haki naye anaanguka katika msiba wa taifa, basi hakuna anayeweza kumtazama aliyeanguka na kusema kwamba huyu alikuwa mwabudu sanamu. Dhambi ya wakuu huwaangukia wadogo wasio na hatia, na hilo ni sehemu ya uovu wake.

Mungu anaondoka, lakini anakwenda wapi?

Kiini cha maono haya ni kuondoka kwa utukufu wa Bwana. Utukufu unainuka kutoka juu ya kerubi na kusimama kwenye kizingiti cha nyumba (Eze 9:3). Kisha unatoka kizingitini na kusimama juu ya makerubi penye lango la mashariki (Eze 10:18-19). Mwishoni unatoka mjini na kusimama juu ya mlima ulio upande wa mashariki (Eze 11:23). Anaondoka polepole, akisimama kila mahali, kama mzazi anayegeuka nyuma mlangoni akitumaini kuitwa arudi. Hakuna aliyemwita.

Hiyo ndiyo maana ya ndani ya hukumu. Watu walisema kwamba Bwana ameiacha nchi, na kwa matendo yao wakamfukuza. Kuta zikabaki, uvumba ukabaki, lakini Mwenye nyumba hayupo. Babeli walipofika kuchoma, walichoma nyumba ambayo ilikwisha kuwa tupu.

Sasa tulirudie swali tuliloliweka akilini. Wakazi wa Yerusalemu walisema juu ya ndugu zao wa uhamishoni kwamba hao wako mbali na Bwana, na kwamba nchi ni yao wao waliobaki (Eze 11:15). Kwa lugha yetu: wamepata msiba, basi ni dhahiri wamelaaniwa, sisi tuko salama, basi ni dhahiri tumebarikiwa. Mungu anaijibu hesabu hiyo kwa neno moja. Anasema kwamba, ingawa amewapeleka mbali kati ya mataifa, Yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwao huko walikokwenda (Eze 11:16). Utukufu ulipoondoka Hekaluni ulielekea mashariki, na mashariki ndiko walikokuwa mateka. Walioitwa waliolaaniwa ndio waliokuwa na Mungu.

Tunaomba kila kiongozi wa Jumuiya alitafakari neno hili kabla ya kuingia katika nyumba yenye msiba. Ezekieli anatumia sura nzima ya 18 kuikataa methali iliyosema kwamba baba wakila zabibu mbichi, meno ya watoto hutiwa ganzi. Anatangaza kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake (Eze 18:20). Bwana wetu Yesu Kristo aliulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye alikataa yote mawili (Yn 9:1-3). Aliwakumbusha pia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema kwamba hawakuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13:4-5). Ni kweli kwamba mwenendo mbaya wa wazazi huacha majeraha kwa watoto: umaskini, ugomvi, mazoea mabaya. Majeraha hayo yanahitaji uponyaji, na Kanisa linao. Lakini mjane anayeuza shamba ili alipie maombi ya kuvunja laana ya ukoo anatozwa deni ambalo Mungu amekwisha kulifuta hadharani kwa kinywa cha nabii wake.

Na sanamu zilizomo makanisani?

Swali hili waamini wetu huulizwa kila siku, na wanastahili jibu kamili. Mungu aliyekataza sanamu za kuabudiwa ndiye aliyeagiza makerubi wawili wa dhahabu wafanywe juu ya Sanduku la Agano (Kut 25:18), na nyoka wa shaba atengenezwe jangwani (Hes 21:8). Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha takatifu humwendea yule anayewakilishwa, na kwamba ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake. Vivyo hivyo Bikira Maria tunamwita Malkia wa mbingu kwa kuwa ni mama wa Mfalme, na hatumtolei sadaka. Wale waliokaripiwa na Yeremia walimtolea mungu mke mikate na vinywaji. Misa Takatifu hutolewa kwa Mungu Baba, kwa njia ya Kristo, katika umoja wa Roho Mtakatifu, hata siku tunapowakumbuka watakatifu.

Hata hivyo jibu hilo lisitufanye tulale. Nyoka yule wa shaba, aliyetengenezwa kwa amri ya Mungu, baadaye Waisraeli walimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande (2 Fal 18:4). Kitu kitakatifu kinaweza kugeuzwa sanamu na moyo uliopotoka. Ezekieli aliwaambia wazee waliokuja kuketi mbele yake kwamba wameziweka sanamu zao ndani ya mioyo yao (Eze 14:3). Huko ndiko kwenye kazi ngumu ya kubomoa.

Unabii ni mlango wa kurudi

Wapendwa Taifa la Mungu, unabii wa hukumu hutolewa ili usitimie. Yona alitangaza kwamba Ninawi utaangamizwa baada ya siku 40. Watu wakatubu, na mji ukabaki. Yeremia alioneshwa katika nyumba ya mfinyanzi kwamba taifa lililotajiwa hukumu likigeuka, Mungu naye hughairi (Yer 18:7-8). Zaidi ya mara 50 Ezekieli anarudia kwamba lengo la yote ni watu wapate kujua kwamba Bwana ndiye Bwana. Na maono haya haya yanafikia kilele kwa ahadi ya moyo mmoja na roho mpya, moyo wa jiwe ukiondolewa na kuwekwa moyo wa nyama (Eze 11:19). Katika sura ya 43 utukufu unarudi kwa lango lile lile la mashariki.

Basi tunaposoma sura hizi, tujiulize kwanza sisi wenyewe: akiba yetu tumeificha wapi? Ni kitu gani tunachokikimbilia gizani Mungu anapoonekana kunyamaza? Ni nani anayelipa gharama ya usalama wetu? Mwenye hirizi na ailete kwa paroko wake bila hofu ya kuaibishwa, na aiendee Sakramenti ya Kitubio. Mwenye kumtuhumu mzee wa jirani na anyamaze, aende akamsalimie. Na aliye katika msiba, ambaye ameambiwa kwamba ameachwa, ajue kwamba patakatifu pamehamia kwake.

Mlima ulio mashariki ya Yerusalemu, ambapo utukufu ulisimama mara ya mwisho, ni Mlima wa Mizeituni. Kutoka mlima huo huo, Dominika ya Matawi, Bwana wetu aliteremka amepanda mwanapunda. Alipouona mji aliulilia (Lk 19:37-41). Hakimu wetu anakuja kwetu akilia. Tumfungulie lango.